Kopo Nililokutumia Norway

Tassia, Embakasi,
Nairobi.
14 Septemba.

Kwa mdogo wangu Kavinya,

Pokea salamu za mikono miwili, mwana wa mama yangu. Nikikuuliza u hali gani najua utajibu kwamba u mzima, kwa maana hata ukiwa na homa kali ulikuwa ukijibu hivyo tangu utotoni. Kwa hivyo nakuuliza vizuri zaidi. Umerudi kutoka Grinlandi na vidole vyako vyote? Unakula? Vile vipimo vya figo vya mwisho vilisemaje? Jibu hilo la figo kwanza, hayo mengine yafuate.

Sisi huku hatujambo. Baba yuko Wamunyu, goti linamsumbua lakini bado anachonga, na juzi amemaliza twiga mrefu kuliko mlango wa nyumba, hata sasa wanashauriana jinsi ya kumtoa. Shemeji yako Mativo bado anaendesha lori la kwenda Malaba. Maji ya mfereji yanakuja siku yakipenda, na wamejenga ghorofa jipya mbele ya dirisha letu, kwa hivyo jua tunaliona tukienda kwa jirani. Lakini tumeshiba na tunalala, na Mungu ni mwema.

Barua hii anakuletea Tobias, kijana wa mchungaji wetu, anayekuja huko Norway kusoma. Mpe chai ya maziwa mengi, na usimwache atembee bila koti. Nimechukua kalamu kwa sababu tangu Mei ulikuwa kwenye kambi ya barafu ambako simu haishiki, na pia kwa sababu ninayotaka kukwambia hayawezi kuingia kwenye ujumbe wa simu. Ule wangu wa Machi, “Ulisema kweli, nisamehe, nitakueleza,” ulikuwa mfupi kama kikohozi. Leo nataka kueleza.

Ulinipigia Jumapili ya Februari, mchana, nikiwa dukani. Ulinieleza kazi yako kwa subira, nami nilikuwa nikisikiza kwa sikio moja huku napanga chupa za mafuta ya nywele. Lakini maneno yalibaki, na tangu hapo nimewaeleza watu wengi hapa Tassia. Nitayaandika nilivyoyaelewa, unisahihishe. Ulisema theluji ya Grinlandi huanguka juu ya theluji, mwaka juu ya mwaka, bila kuyeyuka, mpaka ile ya chini ikagandamana ikawa barafu, na kila mwaka unafungia humo hewa na vumbi lake. Nyinyi mnatoboa kwenda chini, mnavuta barafu ndefu ya mviringo kama muwa, mnaikata, mnaiyeyusha polepole, na mashine inapima kilichomo. Wewe umepewa zebaki. Unatafuta ilikuwa kiasi gani hewani zamani za mababu wa mababu, na iliongezeka kiasi gani watu walipoanza kuchoma makaa ya mawe na kusafisha dhahabu. Ukasema ni kidogo mno, kama punje ya chumvi iliyotupwa kwenye bwawa la kuogelea, nawe umeambiwa uitafute.

Ndiyo maana, ukasema, kila asubuhi kabla ya kugusa barafu mnapima kwanza maji safi yasiyo na kitu. Mashine ikisema hayana kitu, kazi inaanza. Na mwezi wa Januari mashine ilianza kusema yana kitu.

Mkabadilisha glavu. Mkabadilisha mipira ya kupitishia maji na tindikali ya kuoshea vyombo. Siku nyingine maji yalikuwa safi na siku nyingine machafu, na barafu iliyokwisha kuyeyushwa siku hizo chafu ikawa imepotea, kwa kuwa kipande cha mwaka fulani ni hicho tu na hakuna kingine. Mwisho mkuu wenu, yule mama mrefu wa mvi, akaona kwamba ukiwa mapumzikoni maji huwa safi. Hakukuaibisha mbele ya wenzako. Aliwaomba nyote mlete kila mnachojipaka, sabuni, mafuta, rangi ya mdomo. Wakakuta kopo jeupe lenye kifuniko cha rangi ya dhahabu, limeandikwa kwamba linang'arisha na kulainisha ngozi. Zebaki iliyokuwamo ilikuwa nyingi hata ikabidi mashine ioshwe wiki nzima. Ulikuwa ukijipaka usiku, na asubuhi ngozi yako ilikuwa inaitoa hewani mle ndani ya chumba chenu kisafi.

Kopo hilo nilikutumia mimi. Ulikuwa umelalamika kwamba baridi ya huko inapasua ngozi kama tope la kiangazi, nami nikakuchagulia krimu bora kuliko zote dukani mwangu, ile iliyokuwa ikiisha kabla sijaagiza nyingine, ile niliyojipaka mwenyewe. Muuza vipodozi uso wake ndio bango la duka. Wateja walikuwa wakiutazama uso wangu na kuniambia, “Mathe, mimi nataka kukaa hivyo,” nami nikiinua kopo juu.

Ukaniambia nisiuze tena, nisijipake tena, na niende nikapimwe. Ukasema inatetemesha mikono, inaondoa usingizi, inaharibu figo, na mwanamke akiwa mjamzito inamfikia mtoto. Hapo ndipo nilipokukatiza. Nilikuuliza kama huko Norway ndiko ulikofundishwa kumwita dada yako muuza sumu. Nikakwambia ulipanda ndege ukasahau nani alikufulia sare za shule. Nikakata simu na kuifungia namba yako. Maneno yale nimeyakumbuka mara nyingi, Kavinya, na kila mara natamani kuyala.

Sasa nikusimulie ya Adoyo. Unamkumbuka, jirani yangu mwenye saluni inayotazamana na duka langu, aliyekusuka siku ya kuondoka na kukukataza usilie usije ukaharibu vipodozi. Tangu Krismasi mikono yake ilikuwa imeanza kucheza. Wengine walisema ni kazi nyingi, wengine wakasema kuna mtu anayemwonea wivu, na akina mama wa kanisa lake walikuja kumwombea mara mbili. Miguu ilikuwa imevimba, analala saa chache anaamka, na yeye ambaye hucheka hata na mtoza kodi alikuwa ameanza kuwafokea wateja.

Siku chache baada ya simu yako, msichana mmoja aliyekuwa akisukwa na Adoyo alijitazama kwenye kioo cha saluni akapiga kelele, “Aki Mum, hii line imeenda kona!” Adoyo akajaribu kulifanya jambo la mzaha. Akafumua, akaanza upya, na kitana kikamponyoka. Akakiokota, kikamponyoka tena. Basi akaketi kwenye kiti cha wateja na kuitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Nami nikiwa kwenye kaunta yangu nikaona, kwenye rafu iliyo chini ya kioo chake, kopo jeupe lenye kifuniko cha dhahabu.

Nilifunga duka mchana kweupe. Nikamwambia Adoyo avae viatu twende hospitali. Alisema ana wateja. Nikamwambia wateja wataota nywele nyingine. Nikachukua lile kopo kutoka kwenye rafu yake nikalitia mkobani, na njia nzima nilikuwa nimelishika ndani ya mkoba kama mtu aliyeshika nyoka shingoni.

Daktari alikuwa msichana mdogo, pengine wa rika lako. Alimpima mkojo akakuta figo zinavujisha protini. Aliuliza maswali mengi, kuhusu dawa, kuhusu pombe, kuhusu sukari, kisha akamtazama uso na vidole na kumwuliza anajipaka nini. Adoyo, maskini, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akaninyooshea kidole akasema, “Ya huyu. Ni nzuri, hata yeye unamwona.”

Nililitoa kopo nikaliweka mezani. Nikamweleza daktari kwamba nina mdogo wangu anayepima zebaki kwenye barafu ya Grinlandi, na kwamba barafu ndiyo imelishitaki kopo hili. Niliposema hivyo nilijua linasikika kama wazimu. Lakini yule daktari aliacha kuandika. Akaniomba nianze tena mwanzo, pole pole, naye akasikiza mpaka mwisho. Mkojo ukapelekwa kupimwa kwenye maabara kubwa, na majibu yaliporudi zebaki ilikuwamo, nyingi. Alisema tumshukuru Mungu kwa kuja mapema, kwa sababu figo zikiachishwa sumu mapema huweza kupona. Nami nilipimwa pia. Hayo nitayafikia.

Tulipotoka siku ile ya kwanza tuliketi kwenye benchi la nje, chini ya ile miti ya zambarau. Adoyo alivua viatu akanyoosha miguu yake iliyovimba. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, “Siku uliyoniuzia, ungejua ungeniuzia?”

Nikamwambia la.

Akasema, “Basi ninunulie soda. Nina kiu, na nimekasirika, na sijui nianze na lipi.”

Nikamnunulia soda. Alikunywa, akalia, akanywa tena. Tukarudi nyumbani pamoja.

Kesho yake nilishusha makopo yote. Niliifungua namba yako ili nikupigie nikuulize niyatupe wapi, nikakuta, kati ya jumbe zilizozuiwa, ulikuwa umekwisha kuniandikia zamani, siku ile ile ya ugomvi, kwamba nisimwage chooni wala mtaroni, na nisichome. Hata nilipokuwa nimekutukana uliwaza mtaro wetu. Niliyatia kwenye ndoo kubwa zenye vifuniko, nikazifunga kwa utepe wa gundi, na afisa wa afya akaja kuzichukua na kuniuliza niliyanunua wapi. Nilimpigia mzee wa duka la jumla aliyekuwa akiniuzia. Akacheka akasema, “Mama Vipodozi, kama ingekuwa sumu si ungekuwa umekufa?” Nikamjibu kwamba nilikuwa njiani. Tangu siku hiyo hapokei simu yangu.

Kushusha makopo kulikuwa rahisi. Wateja ndio walikuwa kazi. Palikuwa na msichana wa mtaa wa Pipeline, anaolewa Aprili, alikuja kila siku wiki nzima. “Sistee, niuzie tu moja. Nikishaolewa nitaacha.” Nilimweleza figo, nilimweleza mikono, akanisikiza kama mtu anayesikiza matangazo redioni. Alidhani nimeyaficha ili nipandishe bei. Siku ya mwisho Adoyo alitoka saluni kwake akaja kusimama kando yake. Alinyoosha mikono yote miwili juu ya kaunta yangu, vidole wazi, na vidole vilikuwa vinatetemeka kama majani. Akamwambia, “Mimi nilikuwa nasuka mistari midogo ambayo hakuna mtu Tassia anaisuka. Nitazame vizuri. Halafu ukitaka, nitamwambia huyu akuuzie.” Yule msichana alitazama. Aliondoka bila kuaga, lakini siku ya harusi alitutumia picha yake, uso wake mwenyewe, mweusi wa kupendeza, na Adoyo ameibandika kwenye kioo.

Jumamosi moja nilisimama kwenye chama chetu cha akina mama nikaeleza habari yako tangu mwanzo, theluji, muwa wa barafu, maji yasiyo na kitu. Walisikiza mpaka mama mmoja muuza mboga akainua mkono akauliza, “Sasa hao wanaitafuta zebaki kwa barafu ya nini, na sisi tuko nayo kwa uso?” Walicheka wote, hata mimi nikacheka. Halafu kicheko kikazimika, na mmoja baada ya mwingine wakaanza kuniuliza kwa sauti ya chini, huyu ana usiku usio na usingizi, yule binti yake anajipaka tangu kidato cha pili. Wengi wamekwenda kupimwa. Wawili wanatibiwa. Wengine wamenihama, wananunua kwingine, na wakipita dukani wanageuza uso. Nimewapoteza hao na sina la kufanya ila kuwasalimu. Siku hizi nauza sabuni, mafuta ya mgando, mafuta ya nazi na rangi za kucha, na duka linajikokota lakini linakwenda. Mativo anasema amerudishiwa yule msichana mweusi ambaye yeye alikwenda kumposa Wamunyu, alikuwa amemkosa miaka mingi na alikuwa anaona haya kuuliza alikwenda wapi.

Adoyo amepona sehemu kubwa. Miguu imerudi, usingizi umerudi, matusi ya mzaha yamerudi kuliko zamani. Mikono imetulia, ingawa mistari midogo bado hajaiweza. Daktari anasema subira.

Kwa hivyo nakushukuru, Kavinya. Nakushukuru kwa kusoma, maana wengi walikuwa wakiniuliza unasomea nini barafu na kwetu hakuna barafu, nami sikuwa na jibu. Nakushukuru kwa kunipigia simu ulipokuwa umeona aibu kazini, ukanifikiria mimi kabla ya hasara yako. Pole kwa ile barafu iliyopotea. Ulisema ulilia kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na mimi sikukwambia hata pole moja. Nakwambia leo. Mshukuru sana yule mama mkuu wenu kwa kutokukufukuza, na kwa kukupeleka hospitali kabla ya kukuuliza habari za mashine, na kwa kukuchukua Grinlandi baada ya yote. Mwambie kuna wanawake Tassia wanaomtaja katika maombi na hawawezi kulitamka jina lake.

Sasa nikwambie lililobaki, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Sikukata simu ile kwa hasira. Nilikukasirikia baadaye, ili nipate pa kusimama. Ulipotamka neno mjamzito, mkono wangu mmoja ulikuwa umeshika simu na mwingine umeshika tumbo. Nilikuwa na mimba ya miezi mitatu. Sikuwa nimemwambia mtu, hata Baba, hata wewe, ila Mativo tu, kwa sababu ya wale wawili tuliowapoteza kabla ya kuzaliwa, unawajua. Ulipoendelea kusema niliwaona wale wawili, Kavinya. Niliona kopo kwenye meza yangu ya kitanda miaka yote ile. Sikuweza kusikia neno lingine.

Jioni hiyo niliosha uso kwa sabuni ya kipande mpaka ukawaka moto, na sikujipaka tena. Kwa hivyo nilikuamini tangu dakika ya kwanza. Lakini makopo niliyaacha rafuni. Siku zote zile, tangu simu yako hadi kitana cha Adoyo kilipoanguka, nilijilinda mimi na tumbo langu, na watu walipokuja kununua niliuza. Nilijiambia labda umekosea. Nilijiambia niwaze kwanza. Nimewatafuta walionunua siku hizo, mmoja mmoja, nikawaambia, na makopo wamerudisha isipokuwa mama mmoja aliyehama na sijui alikohamia. Bado namwulizia. Adoyo nimemwambia pia. Alinyamaza nami siku kadhaa, akaja asubuhi moja na uji kwenye jagi, akasema mwanamke mwenye mimba akinyamaziwa sana mtoto huzaliwa mkaidi. Sijui kama amenisamehe au ameamua tu kunywa uji nami. Napokea lolote analonipa.

Yule daktari mdogo ndiye aliyenipima mimi siku ile ile ya Adoyo, na ndiye aliyeniangalia miezi yote iliyofuata. Nilimwuliza kuhusu wale wawili. Alisema hawezi kusema ni ile krimu, wala hawezi kusema si yenyewe, na kwamba nisijivunje kwa swali lisilo na jibu. Alinipima damu na mkojo kila mara, na kila mara zebaki ilikuwa imepungua. Wewe ukiwa kwenye theluji unavuta muwa wako wa barafu, mimi nami nilikuwa huku napimwa kama barafu hiyo.

Mtoto alizaliwa Agosti. Ni msichana. Amefika salama, mwana wa mama yangu, mzito, mweusi, na sauti ya kuuzia nguo soko la Gikomba. Wamempima, hana kasoro waliyoiona, na wataendelea kumtazama mpaka akue. Mativo alipomshika mara ya kwanza alivua kofia, kisha hakujua aiweke wapi, akasimama hivyo na kofia mdomoni na mtoto mikononi, analia.

Mila imempa jina la mama mkwe wangu, ni Kalondu. Jina la ubatizo sijampa. Mchungaji ameuliza, Baba ameuliza, Adoyo ameleta majina sita, nami nimewaambia wote wangoje. Jina hilo ni lako wewe kutoa, kwa kuwa kama si wewe sijui leo ningekuwa nimembeba nani. Njoo Desemba, uwe mama yake wa ubatizo. Kama likizo haitoshi, lete siku mbili tu, tutakupokea uwanja wa ndege na kukurudisha.

Baba anakusalimu, Mativo anakusalimu, Adoyo anasema uje na nywele zako hazijasukwa, azitumie kujifunzia upya mistari midogo. Wanawake wa chama wanakusalimu mmoja mmoja, nami nimechoka kuandika majina. Mungu akulinde na baridi, na akulinde na watu wanaokupenda bila kusoma kilicho ndani ya kopo.

Ameamka, ananitafuta. Niache hapa nikamnyonyeshe. Lifikirie jina lake vizuri.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Syombua.